Mtani Aliyehesabu Watu

Kila alipoingia mahali, alihesabu watu. Akifika barazani kwangu Kiwalani, kabla hajavua kofia, midomo yake ilicheza kidogo: mmoja, wawili, watatu, wanne. Ndipo alipotoa salamu. Alihesabu harusini, alihesabu misibani. Siku za Ijumaa yeye, Mkristo wa kutoka Usukumani, alikuwa akinisubiri nje ya msikiti kwenye benchi la muuza kahawa. Siku moja nilitoka akaniambia, "Mtani, mmoja hajatoka. Rudi ukamtafute." Nikarudi kwa ubishi tu, nikamkuta bwana mmoja mtu mzima kasinzia nyuma ya nguzo, tasbihi mkononi. Nilipomtoa nje, mtani wangu aliinuka, akanywa funda lake la mwisho la kahawa na kusema, "Haya. Sasa twende."

Mtaani walimwita Mzee wa Mgodini. Mimi nilimwita mtani, maana mimi ni Mzaramo na yeye Msukuma, na baina ya makabila hayo mawili hakuna kuoneana haya. Siku aliyohamia nyumba inayopakana na yangu nilikwenda kumpa pole ya kuhama, nikamkuta anapanga mabegi.

"Karibu pwani," nikamwambia. "Hatimaye Msukuma umeona watu."

"Nimeona wapi? Nyie si mmeuza mashamba yote mpate kumcheza mwali, sasa mnapanga kwa wageni?"

"Na nyie mmetoboa nchi yenu mpaka chini, mkaona haina kitu, mkaja kwetu."

Alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile sikukijua bado. Nilidhani ni kicheko kimemzidi.

Tumemzika mwezi uliopita. Namshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa pamoja naye, wala sina malalamiko juu ya kifo alichomkadiria. Nina lalamiko juu yangu. Mtu huyu aliniuliza swali la dini mara moja tu, na mimi niliyefundisha chuo cha Kurani tangu ujana wangu nilimjibu vibaya, tena nikijua. Ndiyo sababu naandika.

Alikuwa msimamizi wa zamu katika mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi, huko Kanda ya Ziwa. Sisi wa pwani tukisikia mgodi tunadhani ni shimo na watu wenye sururu, naye jambo hilo lilimchekesha sana. "Kule chini kuna barabara, mtani. Kuna karakana. Kuna malori yanapishana. Unashuka kwa keji, lifti ya chuma, masikio yanaziba, na ukifika unaweka kiganja kwenye mwamba unakuta una joto kama ukuta wa tanuri la mikate."

"Na kazi kubwa ni kuchimba?"

"Kuchimba ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuingiza hewa na kutoa maji. Mafeni yakilala, watu wanakufa. Pampu zikilala, watu wanakufa. Dhahabu ni ya mwisho, inatoka ikipenda."

Kulikuwa na kazi nyingine ambayo aliizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma dua. Mlangoni mwa shimo palikuwa na ubao wenye misumari, na kila aliyeshuka alitundika pale kibati chake cha chuma chenye namba. Akipanda, anakitoa. Baruti ilipigwa mwisho wa zamu, watu wote wakiwa juu, na haikupigwa mpaka msimamizi auone ubao mtupu. "Kibati anakitoa mwenyewe," alirudia kila mara. "Kwa mkono wake. Siyo mkono wa rafiki. Siyo mkono wa bosi." Nilichukulia kuwa ni fahari ya mzee na kazi yake. Wazee wote tunayo ya kurudiarudia.

Mgodi haukumtoka mwilini. Hakupita kwenye ukuta bila kuugonga kwa kifundo cha kidole, maana kule chini walikuwa wakigonga mwamba kwa nondo ndefu kabla ya kuanza kazi: jiwe zima linalia kama kengele, jiwe bovu linatoa mlio mzito, la kuangushwa kabla halijamwangukia mtu. Alipougonga ukuta wa chuo changu alisimama, akagonga tena, akanitazama kwa huruma. "Huu unalia kama ngoma ya Kizaramo. Kelele nyingi, ndani hamna kitu." Nikamwita fundi aufumue. Mle ndani tulikuta waliojenga wameshindilia mifuko mitupu ya saruji. Mwaka mzima aliwasimulia watu kisa hicho, na kila alipokisimulia mifuko iliongezeka.

Hakuvumilia feni kusimama. Umeme ukikatika mchana, sisi tunaguna na kuendelea na mambo yetu. Yeye alikuwa anatoka mbio uani bila viatu, akipiga kelele, "Tokeni! Tokeni wote!" Vijana wa mtaa walikuwa wakimwiga. Mkewe, mwanamke mpole wa maneno machache, alimfuata taratibu akamshika kiwiko na kumwambia, "Mume wangu, tuko juu. Huku ni juu." Naye alitazama mbingu, akaona ndege inateremka kuelekea uwanjani, akaaibika, akarudi ndani. Maneno hayo ya mkewe nimeyasikia mara nyingi kupita ukutani. Tuko juu, huku ni juu.

Kulikuwa na mambo yake yasiyopatana. Mtu aliyeishi kwa dhahabu hakuruhusu dhahabu nyumbani kwake, na mkewe alivaa pete ya fedha maisha yake yote. Aliwakemea waendesha bodaboda wasiovaa helmeti, lakini yeye mapafu yake yalikuwa yamejaa vumbi la mawe na hakwenda hospitali mpaka alipobebwa. Alikuwa hakosi kanisani. Mkewe aliniambia siku moja, akichambua mchele, kwamba mumewe huketi benchi la mwisho na wenzake wakienda kukomunika yeye hubaki ameinamisha kichwa. "Nadhani ni unyenyekevu, shekhe," alisema. Nami nikasema, "Bila shaka."

Mkewe alitangulia. Siku ya maziko, makaburini, watani wa Kizaramo tulikuwa watatu, na mimi ndiye mkubwa. Najua walimu wangu wengine hawaupendi utani wa makaburini, na sibishani nao. Lakini nimelelewa hivyo: mtani huingia kaburini akazuia maziko, akatukana, akadai, watu wakacheka, na mfiwa akapata nafasi ya kuvuta pumzi. Nikashushwa, na goti langu bovu, nikakaa chini kabisa nimekunja mikono.

"Hazikwi mtu hapa!" nikapaza sauti. "Huyu Msukuma amekula nazi zetu miaka yote, ataondokaje bila kutuaga? Leteni soda kwanza! Tena baridi!"

Watu wakacheka huku wanalia, kama ipasavyo. Mtani mwenzangu akachota udongo kwa kiganja akanimwagia begani. "Basi na huyu tumfukie! Hata hivyo ni mzee!"

Ndipo niliposikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

"Bado kuna mtu chini! Simamisheni! Kuna mtu chini!"

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye ukingo wa kaburi la mkewe, suti yake imejaa mchanga, amenyoosha mkono na kunishika kifundo cha mkono kwa nguvu zote. Sikuthubutu kufanya mzaha. Nilipanda kama aliyenusurika. Aliwataka watu wote wasogee nyuma ya mstari aliouchora mchangani kwa fimbo, na akatuhesabu, mmoja mmoja. Padri alisubiri. Hakuna aliyecheka tena siku ile.

Siku ya tatu ya matanga aliniita chumbani, akafunga mlango, akaniambia.

Kulikuwa na fundi wa pampu katika zamu yake, nitamwita Baba Neema kwa jina la mwanawe. Alikuwa mchapakazi ila msahaulifu. Mara mbili alishapanda akaacha kibati ubaoni, wakamfuata kwenye basi la wafanyakazi. "Siku ile zamu imekwisha," mtani wangu alisema, "ubao una kibati kimoja. Namba yake. Wenzake wakacheka, 'Huyo naye! Kashapanda, kasahau tena.' Mmoja akasema kamwona bafuni. Na mie nilikuwa nimechoka, mtani. Nilichoka tu. Nikanyoosha mkono nikakitoa, nikatia mfukoni, nimkaripie nikimwona. Nikasema, ubao mtupu. Wakapiga."

Baba Neema alikuwa hajapanda. Pampu ya chini ilikuwa imezima, akarudi kuiwasha, zamu inayofuata isikute maji. Moshi wa baruti ulimkuta pale pale.

"Walipochunguza," aliendelea, "ubao ulikuwa mtupu. Wakaona kakitoa mwenyewe kisha karudi chini kinyume cha kanuni. Sikuwaongopea. Sikusema tu. Ikaandikwa ni uzembe wa marehemu. Na mie ndiye niliyempeleka nyumbani kwake, mtani. Mkewe alinishika mikono hii, akanishukuru kwa kumletea mumewe."

Mke huyo ni Mama Neema, anayeuza nyanya na vitunguu soko la Mabibo. Alikuja Dar es Salaam kwa kaka yake baada ya msiba. Sote tulidhani mtani wangu alistaafu akaja mjini kwa ajili ya watoto wake. Kumbe alikuja kwa ajili ya Mama Neema. Alikuwa akimpelekea Neema madaftari, akimpeleka hospitali, akisimama kama babu kwenye vikao vya wazazi shuleni. Mama Neema alimwita baba, akimaanisha.

"Sasa wewe ni mtu wa dini," akaniambia. "Mke wangu amekufa hajui. Padri siwezi, ataniambia kamwambie. Wewe unasemaje?"

Nilijua la kusema. Nimewafundisha watoto wadogo kwa miaka mingi: kosa baina yako na Mungu, Mungu hulisitiri na kulisamehe, lakini haki ya mja, kama mali yake au jina lake, hairudi mpaka urudi kwa mwenyewe. Mtoto wa darasa la pili anaijua. Nami nilimtazama mgane yule wa siku tatu, macho mekundu, nikafikiria nani atakayemtazama akibaki peke yake, na nikafikiria pia, Mungu anisamehe, jioni zetu za kahawa.

"Mola ni mwenye kusitiri," nikasema. "Usimvunje moyo mwanamke aliyekwisha kutulia. Subiri. Utafunguka mlango."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Subiri kwanza."

Alinishukuru. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, alinishukuru akanibusu mkono.

Tulisubiri miaka sita. Katika miaka hiyo kifua chake kilikwisha. Watoto wake walikuwa wameshahamia mikoani kikazi, na aliyemwuguza ni Mama Neema. Alikuja kutoka Mabibo kila alipofunga biashara mapema, akamfulia, akampikia uji wa ulezi, akamkaripia. "Baba, umeuficha tena mpira wa oksijeni chini ya mto? Wewe ni mtoto?" Naye alimtazama kwa namna ambayo mimi peke yangu niliielewa, na kila mara niliangalia pembeni.

Kisha Neema akamaliza chuo. Msichana mrefu, mkimya, fundi wa umeme. Alikuja na mama yake kumsalimu babu, nami nilikuwepo. Aliamkia wote, shikamoo babu, shikamoo shekhe, akakaa kwenye mkeka na kusema kwamba amepata kazi mgodini. Kazi ya chini, ya mitambo ya mafeni na pampu.

Mama Neema, aliyekuwa akikata mchicha, aliweka kisu chini. "Huendi."

"Mama, nimeshasaini."

"Huendi, nimesema! Nyie damu yenu moja. Baba yako alijiua kwa uzembe wake, kaniachia wewe unanyonya. Sitaki kuletewa sanduku la pili. Mzembe mmoja alitosha!"

"Ndiyo, mama," alisema Neema, kichwa chini. Kwa jinsi alivyosema nilijua kwamba maneno hayo amekua nayo, ameyasikia akivunja kikombe, akichelewa shule, akisahau mlango wazi. Baba yake katika nyumba ile alikuwa mfano wa mtu asiyejali.

Mtani wangu alifumba macho. Walipoondoka aliniita kwa kidole.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ule mlango uliosema. Ndiyo huo?"

Nikakaa kitandani pake. "Mtani, hapakuwa na mlango wa kusubiri. Nilikudanganya. Ilikupasa umwambie siku ile ile, na mie nilijua."

Sikujua atafanya nini. Alivuta pumzi kadhaa kupitia mpira, kisha akatabasamu upande mmoja. "Mzaramo," alisema. "Hata fatuwa mnauza."

Kesho yake alasiri Mama Neema alikuja na chupa ya uji. Aliniamkia, akammiminia kikombe, akaanza kumlisha kwa kijiko. Alipokula vijiko vitatu, mtani wangu alimshika mkono.

"Mwanangu. Kibati cha mumeo... nilikitoa mie."

"Baba, usiongee, unachoka."

"Nilikitoa mie. Kwa mkono wangu. Hakupanda. Alikuwa chini. Nikasema wapige."

Ilimchukua muda mrefu kumaliza, maana kila sentensi ilikatwa na pumzi, na Mama Neema alimsubiri kila mara kijiko kikiwa hewani. Alimweleza yote, bafuni, basi, uchovu, uchunguzi, ukimya. Hakujitetea. Mimi nilisema neno moja tu, kwamba ukimya wa miaka sita ya mwisho ni wangu. Sidhani kama alinisikia.

Mama Neema aliweka kikombe sakafuni. 

"Alirudi chini kufanya nini?" akauliza.

"Pampu... ilizima. Alirudi kuiwasha."

"Nani alimtuma?"

"Hakutumwa."

"Kwa hiyo alikuwa kazini."

"Alikuwa kazini, mwanangu. Alikuwa anawafikiria... wenzake."

Alitoa simu kwenye pindo la khanga, akapiga, akaweka sauti ya nje, akaisogeza kwenye mdomo wa mzee. "Mwambie na mtoto. Nimemwimbia uzembe maisha yake yote. Mwambie."

Mtani wangu alifungua mdomo. Hewa ilikuwa imekwisha. Alijaribu, akakohoa, akajaribu tena, na Neema upande wa pili anaita, "Haloo? Mama? Babu, ni wewe?" Mzee alinigeuzia macho. Nikachukua simu, nikamwambia binti yule yote, kwa mpangilio, naye mzee akinitazama mdomoni na kuitikia kwa kichwa kila neno, kama nilivyozoea kuwasikiliza watoto wakisoma.

"Kwa hiyo hakusahau kitu," alisema Neema.

"Hakusahau kitu, mwanangu."

Alianza kulia, kilio cha mtoto mdogo kabisa, na mama yake akaichukua simu akaizima.

Nilidhani atapiga kelele. Nilitaka apige kelele. Alichukua kikombe sakafuni, akakoroga, akamlisha mzee uji uliobaki, kijiko baada ya kijiko, bila haraka na bila kumtazama usoni. Akampangusa kidevu. Akaosha kikombe na kijiko, akavifunika kwenye sinia. Akaukaza mpira wa oksijeni pale unapoingia kwenye mtungi. Kisha akajitanda khanga.

"Mama," mzee alinong'ona.

"Uji mwingine uko kwenye chupa," alisema, akatoka.

Tulisikiliza ndala zake mpaka mwisho wa kichochoro. Mtani wangu aligeuza uso.

"Atarudi?"

Nilikuwa na aya ya kila jambo, na hadithi ya kila aya, na mtu huyu alikuwa akizipokea zote kutoka kwangu.

"Sijui, mtani," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa kweli, akafumba macho apumzike. Uji wa siku tatu zilizobaki nilimlisha mimi.